Mafuta ya Cherehani

Mjini Lautoka alibaki fundi mmoja tu wa kamera za filamu, Permal, naye uzeeni alikuwa na meza moja nyuma ya duka la vitambaa la mpwa wake. Jumanne moja asubuhi aliingia mwalimu mstaafu, Unaisi, akamwekea kamera kuukuu mezani.

"Inanata, mzee. Nikibonyeza, kilango kinafunguka halafu kinazubaa. Nataka kumpa mjukuu wangu."

Permal akaijaribu. Vibati vyembamba vya kilango, vinavyopisha mwanga, vilifunguka kivivu, vikagoma kufumba. Akafungua pete ya mbele, akatoa lenzi, akamulika. Vibati vilikuwa vimegandamana kwa mafuta mazito kama gundi.

"Hapa hapatiwi mafuta hata tone, mwalimu," akasema, akitabasamu. "Aliyekutengenezea alikuwa kanjanja. Katia mafuta ya cherehani."

"Ni wewe, mzee."

Permal akaigeuza pete. Ndani yake palikuwa pamekwaruzwa herufi P na mwaka, kwa mkono wake mwenyewe. Tabasamu likayeyuka.

"Nilikurudia na picha," Unaisi aliendelea, bila kupandisha sauti. "Za mwanangu Iliesa, siku tuliyomuaga akienda jeshini ng'ambo. Zote nyeupe. Ukaniambia nimezungusha namba za kamera vibaya, nisishikeshike vitu nisivyovijua."

"Na Iliesa?"

"Aliletwa kwenye sanduku. Baba yake alinilaumu kwa zile picha mpaka naye tukamzika. Sikumjibu. Fundi alishasema."

Permal alikumbuka yote. Alizitazama picha zile mara moja tu, akajua kilango kilibaki wazi, akajua na sababu. Lakini dukani walikuwapo wateja wanne wakisikiliza, naye alikuwa kijana mwenye jina.

Angeweza kunyamaza hata sasa. Alikohoa.

"Nilijua siku ileile, mwalimu. Halikuwa kosa lako. Nilikusingizia."

Unaisi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akakaa nayo mkononi. Permal alichovya pamba kwenye benzini akaanza kusafisha kibati kimoja kimoja. Alirudia mara tatu, akavikausha, akabonyeza. Kilango kikafumba papo hapo.

"Imepona," akasema.

"Jumapili uje nyumbani," Unaisi akamwambia. "Ukawaambie wanangu hayo uliyoniambia. Mimi hawataniamini."

Jumapili Permal akaenda. Walimkalisha mkekani, wakampakulia samaki wa nazi na magimbi. Akawaeleza yote. Alijiandaa kutukanwa, hata kutolewa nje. Mtoto mkubwa wa Unaisi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogezea sahani.

"Kula, baba. Asante kwa kuja."

Permal alikula. Marehemu mume wa Unaisi alikuwa na miaka tisa kaburini, na ndiye aliyepaswa kuyasikia yale.