Siku Tatu na Gari la Stima

Mama Waiyego, mwenye mashine za kuangulia vifaranga, hakupandisha sauti. Alifungua sanduku la karatasi, akamwonyesha Mzee Mabonga vifaranga tisa waliokufa, wamelala ubavu, kisha akalifunika taratibu kama mtu anayefunika chakula.

"Mzee, hii ni mara ya pili mwezi huu," alisema. "Hawa wamerudishwa kutoka Moi's Bridge jana. Wale watu wa duka wanasema vifaranga wanafika wakinuka moshi. Mimi nakuheshimu, unajua. Lakini Ijumaa nataka niwaone wakipanda gari lingine. Kama si hivyo, nitampa yule dereva mwingine, Wanjohi, hii kazi."

Mzee Mabonga aliangalia gari lake kuukuu la petroli, wagoni jeupe lililoegeshwa mbele ya lango. Egzosi yake ilikuwa imechomelewa mara nne, na moshi ulikuwa umejifunza njia ya kuingia ndani. Kwa miaka sita, tangu alipostaafu katika ghala la mahindi, alikoanza kama dereva wa lori na kumalizia kama karani, alikuwa akichukua vifaranga wa siku moja hapo Yamumbi kila Jumanne na Ijumaa na kuwapeleka kwenye duka la dawa za mifugo kule Moi's Bridge. Kazi yenyewe haikumtajirisha. Lakini jirani akipita na kumuulizia, mkewe Edinah alijibu, "Mzee ameenda kazini." Mabonga alikuwa na miaka sitini na tisa, na hakuwa tayari kuisikia sentensi hiyo ikibadilika.

Hivyo Jumatano asubuhi alivaa koti, akachukua daftari lake, akaenda mjini kwenye ofisi moja iliyokodisha magari madogo ya stima. Yalikuwa yamebaki mawili tu: moja limeshaahidiwa mtu, na moja la kijani ambalo lilikuwa limerudishwa.

Msichana wa ofisi aliitwa Nyakio. Alimweleza kwamba gari hukodishwa kwa miaka mitatu. Unalipa kila mwezi. Bima na matengenezo ni juu ya kampuni, na mwisho unalirudisha. Mtu anaweza kulijaribu siku tatu kwanza, lakini Ijumaa saa kumi atie sahihi au aache funguo.

Mzee Mabonga alifungua daftari. Alikuwa ameandika maswali kumi na tisa.

"Mvua ya Eldoret ikinyesha na gari limechomekwa kwenye soketi, nani anakufa?"

"Hakuna, Mzee."

"Stima ikipotea Yamumbi siku mbili?"

"Utalikuta na moto uleule uliokuwa kwenye betri. Halipotezi likiwa limesimama."

"Betri ikizeeka, inazeeka mikononi mwa nani?"

"Mikononi mwetu. Betri ni yetu."

Jibu hilo alilipigia mstari. Hata hivyo kuna jambo lililomkera. Jina lake lilikuwa kwenye kitabu cha umiliki wa wagoni, Mabonga mwenyewe, kwa herufi kubwa. Kulipia gari miaka mitatu kisha ulirudishe, aliona ni kama kulisha ng'ombe wa jirani. Lakini maziwa utayanywa, akajijibu moyoni, na zizi si lako kulijenga. Akaliandika na hilo pia.

"Nikupeleke kwa muda wa saa moja hivi nikuonyeshe vile linaendeshwa?" Nyakio aliuliza.

"Binti, nimeendesha lori la magunia mia mbili ukiwa hujazaliwa. Nipe kitabu chake, nitasoma."

Akasoma kweli, alasiri nzima, na kamusi pembeni. Mzee Mabonga alikuwa ameingia gumbaru, masomo ya watu wazima, akiwa na miaka thelathini na minne, akaketi kwenye madawati ya watoto kila jioni baada ya kazi hadi akafanya mtihani wa kidato cha nne. Tangu hapo hakuogopa kitabu chochote. Kuhusu herufi N ya kwenye gia, ambayo madereva huiita free, kitabu kilisema machache tu: ni ya wakati gari linapokokotwa. Mzee akatabasamu. Walioandika hawajawahi kununua petroli Eldoret, alifikiri.

Maana alikuwa na ujuzi wake. Tangu enzi za lori, kila mteremko ulipoanza, Mzee Mabonga aliweka gari free, yaani alilitoa kwenye gia, na kuliacha lijiendee, akishika breki kidogo kidogo. Madereva wote wa ghala walifanya hivyo, lakini yeye ndiye aliyefika na tangi lenye mafuta kuliko wote, na meneja aliwahi kumsifu mbele ya watu.

Alhamisi alipakia masanduku ishirini matupu kwa majaribio, akamchukua Kituyi, fundi aliyeichomelea ile egzosi mara zote nne, wakashika njia ya Moi's Bridge. Betri ilikuwa imejaa.

"Hii kitu iko on kweli?" Kituyi aliuliza, akiinamisha sikio kwenye dashibodi. "Mimi nikisikia injini haina sauti, najua mwenye gari atanipigia simu."

"Wewe unaona njaa inakuja, Kituyi. Hakuna egzosi ya kuchomelea hapa."

"Ngoja tufike kwanza."

Walifika vizuri. Kila mteremko, na kwenda Moi's Bridge ni miteremko mingi kuliko milima, mzee aliweka free, akakanyaga breki kwenye matuta na vituo, akatabasamu peke yake. Ni mara moja tu hakufanya hivyo: ng'ombe walikuwa wakivuka kupita Soy, Kituyi akawa anawatukana, na mzee akasahau kuigusa gia. Gari likashuka lenyewe polepole, kama lililoshikwa mkia. Mzee alitupia jicho dashibodi. Kilomita zilizobaki kwenye betri zilikuwa zimeongezeka mbili.

"Umeona?"

"Nimeona ng'ombe," Kituyi alisema.

Wakati wa kurudi, njia ilipoanza kupanda, asilimia zikaanza kushuka. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Walipokaribia Maili Nne, kwenye dashibodi ikawaka picha ndogo ya kobe, na gari likapunguza mwendo bila kuulizwa. Mkokoteni wa maziwa ukawapita. Mwenye punda aliwapungia mkono.

Kituyi alicheka mpaka akashika mlango. "Mzee, wamekukodisha kobe. Miaka mitatu."

Walifika nyumbani na asilimia nne. Edinah aliwakuta uani, mmoja akicheka, mwingine amenuna.

"Baba Sifuna, limekataa?" alimuuliza mumewe.

"Halijakataa. Limechoka."

"Sasa kesho vifaranga watapanda nini?"

Mzee aliketi barazani na daftari. Ofisi ilikuwa imesema betri ikijaa inatosha safari hiyo na akiba ibaki. Ama wamedanganya, ama kuna mahali moto umekwenda. Akamkumbuka mwalimu wa fizikia wa gumbaru, ambaye wanafunzi wakichanganyikiwa aliwaambia jambo lilelile: nishati haipotei, ulizeni imekwenda wapi.

Mzee Mabonga aliuliza. Gari likishuka mlima lina nguvu. Petroli haiwezi kurudi kwenye tangi, kwa hiyo kwa wagoni mteremko ni zawadi, na free ni kuipokea zawadi. Lakini hili? Zile kilomita mbili zilizoongezeka kwa ng'ombe zilitoka wapi? Akasoma tena kitabu, akaukuta ukurasa alioupita haraka: gari likiachwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, na mguu ukitolewa kwenye pedali ya mwendo, magurudumu yanazungusha mota, na mota inarudisha stima kwenye betri. Likiwa kwenye N, hairudishi kitu. Na zile breki za kwenye N zinatoa joto tu.

Alifunga kitabu. Ujuzi wake wa miaka arobaini ulikuwa umemwaga stima barabarani, kutoka Eldoret hadi Moi's Bridge, huku yeye akitabasamu.

Au pengine anakosea tena. Njia ya kujua ilikuwa moja, nayo ilikuwa na vifaranga elfu mbili juu yake.

Ijumaa asubuhi, betri ikiwa imejazwa usiku, Mama Waiyego alizunguka lile gari la kijani mara mbili, akanusa ndani, akaruhusu masanduku yapakiwe. Kituyi naye alifika, amebeba kamba nene begani.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kumvuta kobe," Kituyi alisema, akaingia.

Hawakuwa wamefika mjini mzee alipogundua jambo ambalo hakuliuliza katika maswali yote kumi na tisa. Aliwasikia vifaranga. Kwa miaka sita alikuwa amewabeba bila kuwasikia, kwa kelele za injini. Sasa walijaza gari zima kwa sauti nyembamba, na baada ya muda akaweza kutofautisha: wa kushoto walitulia, wa nyuma kulia walipiga kelele kali. Akasimama. Masanduku mawili yalikuwa yamebanana, hewa haipiti. Akayatenganisha, kelele ikapungua.

"Na wale tisa," alisema polepole, "walikuwa wakiniambia."

Kituyi aligeuka, akayatazama masanduku.

Mteremko wa kwanza ulipofika, mkono wa mzee uliondoka wenyewe kuelekea gia. Akaurudisha. Wa pili, ukaondoka tena. Wa tatu akaukalia.

"Weka free, bwana. Unakula moto bure."

"Siweki."

"Mzee, wewe ndiye ulinifundisha."

"Nilikufundisha petroli."

Mwenye duka la Moi's Bridge alikagua masanduku yote mbele yao, akampigia Mama Waiyego simu. Wote walikuwa hai. Wakarudi. Asilimia thelathini na moja. Ishirini na nne. Maili Nne wakaipita na kumi na sita, Kituyi ameikodolea macho dashibodi kana kwamba anamdai mtu, na kobe hakuonekana. Waliegesha mbele ya ofisi ya Nyakio wakiwa na asilimia kumi na tatu, saa tisa na dakika arobaini.

"Na siku ukiitwa matanga kule Chwele je?" Kituyi aliuliza kabla hawajashuka. "Hili halifiki."

"Wagoni bado ninalo. Litafika, polepole. Vifaranga hawaendi matanga."

Mzee alitia sahihi kila ukurasa baada ya kuusoma. Kisha akaweka kalamu chini. "Binti, hili gari liliporudishwa, aliyelirudisha alisema nini?"

Nyakio alisita. "Ni mzee mmoja wa Chepsaita, Mzee Wabuge. Alisema betri yetu ni ya uongo."

"Aliweka free kwenye miteremko?"

"Sikumuuliza, Mzee." Akafikiri. "Sikujua kuna mtu anaweka."

"Wote tunaweka. Nipe namba yake."

Kituyi alikuwa amesimama mlangoni na kamba yake. Mzee Mabonga alimwangalia, akajua kwamba atakachosema kitafika gereji zote za Eldoret kabla ya Jumapili. Akapiga hata hivyo. Simu ikapokelewa.

"Mzee Wabuge, hunijui. Naitwa Mabonga, wa Yamumbi. Nataka kukueleza kosa ambalo nimelifanya miaka arobaini." Akafungua daftari, akatafuta ukurasa mweupe. "Lakini kwanza niambie, ule mteremko wa kwenda Turbo, wewe huwa unaushuka vipi?"