Kiti cha Ngazini

Istahil Aden hakuwahi kuomba kiti. Tangu avunjike nyonga, kwa kuteleza kwenye vigae vipya ambavyo mwanawe alivisifu kuliko alivyowahi kumsifu mkewe, alichoomba ni chumba cha chini. Chumba kimoja tu chenye dirisha linalotazama lango, ajue nani anaingia na nani anatoka, majirani wamwite naye awaitike. Miaka yote ya nguvu zake aliuza maziwa ya ngamia kwenye njia panda ya Modogashe, akibishana na madereva wa malori kutwa nzima. Hakuzoea kukaa mahali ambapo hapiti mtu.

Lakini nyumba ilikuwa ya mwanawe, Abdihafid, na Abdihafid alikuwa na mipango. Alirudi Garissa kutoka ng'ambo akiwa na kitambi, miwani ya jua na hamu ya kuwa mwakilishi wa wadi. Akajenga ghorofa. Sebule ya chini akaitandika makochi ambayo hayakuvuliwa plastiki tangu yashuke dukani; yalikuwa yanawangoja wazee wa ukoo. Na chumba cha kando ya sebule, kile kile alichokitaka Istahil, kikajaa mabango yenye uso wa Abdihafid, uso juu ya uso mpaka karibu na dari.

"Hooyo," akamwambia mamake kwa sauti ya kumbembeleza ngamia aliyekataa kukamuliwa, "juu kuna hewa."

"Juu kuna hewa, chini kuna watu," Istahil akajibu. "Mimi hewa siiwezi kuzungumza nayo."

Basi kikaletwa kiti. Kilikuja na lori, ndani ya sanduku refu kama jeneza, na fundi kutoka Nairobi akafunga reli ya chuma kando ya ngazi, kuanzia sakafu ya sebule hadi mlangoni kwa Istahil. Kiti kilipanda na kushuka juu ya reli hiyo kwa nguvu ya betri. Ukibonyeza kitufe, unapaa. Ukibonyeza kingine, unateremka. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kukitazama. Abdihafid akamkalisha mamake juu yake, akasimama chini amefungua mikono, akamwambia mkewe Hani apige video. Walirudia na kurudia, kwa sababu mara jua liliingia vibaya, mara Istahil hakutabasamu, mpaka mama wa watu akahisi kizunguzungu. Video ilisambaa. Baada ya siku chache mabango mapya yakachapishwa: ALIYEMJALI MAMA ATAWAJALI NYOTE.

Kisha akaja Noordin, wakala wa bima. Alikuwa kijana wa hapa hapa Garissa, lakini alivaa tai kwenye joto ambalo lilikuwa limewanyamazisha hata korongo wa jalalani. Akaketi ukingoni mwa kochi lenye plastiki, plastiki ikalia, akaeleza, akimwita Istahil bibi kwa Kisomali.

"Ayeeyo, hii bima ni halali kabisa, haina riba. Kiti kikiharibika, kampuni inatengeneza. Ukiumia ukiwa kitini, kampuni inakutibu."

"Na kikisimama katikati?"

"Unapiga simu."

"Na simu ikipigwa?"

"Fundi anakuja."

"Kutoka wapi?"

Noordin akalegeza tai kidogo. "Nairobi."

Kulikuwa na masharti, na aliyasoma yote kwa sauti ya mtu anayesoma khutba. Kiti kikaliwe na Istahil peke yake. Kifanyiwe sevisi mara kwa mara na fundi wa kampuni, si mwingine. Mwisho akaonyesha kisanduku chekundu kilichobanwa ukutani chini ya ngazi, mdomo wake umefungwa kwa kibandiko cha kampuni. Ndani mlikuwa na mpini wa chuma. Betri zikifa, mpini huo unachomekwa kwenye reli na kuzungushwa kwa mkono, na kiti kinashuka taratibu.

"Hilo ni jambo la akili," Istahil akasema. Lilikuwa la kwanza kumfurahisha siku hiyo.

"Ila kibandiko kisivunjwe na mtu asiye fundi," Noordin akaongeza. "Kikivunjwa, bima imekufa."

Istahil akakielekezea kisanduku fimbo yake. "Kwa hiyo dawa ya kunishusha nikikwama mnayo, lakini mmeifungia."

"Ni kwa usalama wako, Ayeeyo."

Fundi alikuja kwa sevisi ya kwanza, akala mbuzi, akasifu wali, akapaka reli mafuta, akaondoka. Ya pili hakuja. Alisema barabara si salama. Hani akamwambia kwamba mabasi yanakuja na kurudi kila siku, yamejaa wanawake na watoto wachanga. Fundi akasema yeye ni mtu wa familia. Badala yake akaifanya sevisi kwa simu. Hani alipanda ngazi akiwa ameielekeza kamera kwenye reli, na fundi, akiwa Nairobi na kikombe chake cha chai, akawa anasema, "Sogeza kidogo. Hapo. Naona iko sawa. Naona hata hapo iko sawa." Vumbi jekundu lililojazana kwenye meno ya reli alisema ni kivuli.

Kiti nacho kikaanza kulia. Kila kilipofika katikati ya ngazi kilitoa mlio mwembamba, kama kifaranga aliyekanyagwa. Istahil akamwambia mwanawe kwamba betri zinakata roho. Abdihafid akasema mashine za kisasa huongea.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na wazee wa ukoo wakaalikwa chakula cha mchana. Wangekula, wangeongea, halafu wangeamua ni mwana gani wa ukoo wa kusimamishwa katika wadi. Abdihafid alipanga siku hiyo kama harusi. Makochi yalipanguswa, plastiki ikabaki. Bango kubwa likatundikwa juu ya televisheni. Na kilele chake kilikuwa hiki: wazee wakishamaliza kula, Istahil ateremke kwa kiti mbele ya macho yao na kumwombea mwanawe dua.

"Usiseme mengi," Abdihafid akamwagiza. "Dua fupi."

Wazee wakala. Mzee Bishar, mkubwa wao, mtu aliyepatanisha kesi za visima kutoka Bura mpaka mpakani, akajipangusa ndevu zilizotiwa hina akaegemea kochi. Abdihafid akaashiria juu. Istahil, amevaa gauni jipya la dira na shashi la kichwani lenye kunukia udi, akakaa kitini akabonyeza kitufe.

Kiti kikashuka vizuri. Wazee wakageuka, wengine wakanong'ona masha Allah. Kilipofika katikati kikalia mlio wake, kikalia tena, kikatetemeka na kusimama.

Istahil akabonyeza. Hakuna. Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa kiganja, kwa hasira. Hakuna. Akabaki ananing'inia kati ya juu na chini, nyayo zake zikiwa sawa na vichwa vya wazee. Kila mtu sebuleni akaanza kutazama zulia.

"Kinapumua kidogo," Abdihafid akawaambia wageni, akicheka peke yake.

Noordin naye alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Akatoa simu haraka, akapiga kampuni, akaweka sauti ya juu. Akaitika mwanamke mwenye sauti tamu, akauliza kama aliyekatiwa bima yuko katika hali nzuri na kama anaweza kuongea naye. Hani akapanda na simu.

Kiswahili cha Istahil alikiokota Modogashe, kwa madereva, na hakikuja na p wala z.

"Mwanangu, mimi niko haba juu. Kiti imekufa. Wasee wote naona nyayo yangu. Leta fundi."

"Pole sana mama. Fundi wetu atakuja kwenye ziara ijayo ya kanda yenu."

"Siara ya lini?"

"Hali ya barabara ikiruhusu. Kwa sasa, mama, kwa usalama wako, tafadhali usiondoke kwenye kiti."

"Niondoke niende wabi?" Istahil akauliza, na mzee mmoja akajikohoza kwa nguvu ili asicheke.

Simu ikakatwa baada ya kumtakia siku njema. Nyonga ilikuwa imeanza kumchoma. Kiti kile kiligeuka ili mtu ashuke pale tu kilipofika mwisho wa reli. Hapo katikati mguu haukuwa na pa kukanyaga, na Istahil hakuwa mwembamba.

Mzee Bishar alikuwa anatazama ukutani. "Kisanduku chekundu hicho ni cha nini?"

Noordin akaeleza. Akaeleza vizuri mno, maana ndiyo kazi yake, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona anazama.

"Kwa hiyo kuna mpini wa kumshusha," Mzee Bishar akasema, "na uko hapo."

"Uko hapo, Abti, mjomba wangu. Lakini kibandiko..."

"Kibandiko cha karatasi?"

"Cha kampuni, Abti."

Macho yote yakamgeukia Abdihafid. Akaenda kwenye kisanduku. Akaweka mkono juu yake. Istahil, kutoka pale juu, akauona mkono ule, mkono aliouosha tangu ukiwa mdogo kama jani la mkwaju, ukitulia juu ya kibandiko. Kisha akauona unaondoka.

"Tusubiri kidogo," Abdihafid akasema. "Kiti kama hiki hakuna kingine nchi hii. Tukivunja leo, kesho kikiharibika nani atatengeneza?"

"Kimeharibika leo," Hani akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe nyamaza. Hooyo, uko sawa, sivyo?"

Maumivu ya nyonga Istahil alikuwa ameyazoea. Haya yalikuwa mengine. Akamtazama mwanawe, kisha akamtazama mwanawe wa bangoni, yule anayecheka juu ya televisheni chini ya maneno yake makubwa, akaona kwamba wa karatasi angalau hakugeuza uso.

"Hani," akaita. "Leta kisu cha nyama."

"Hooyo, bima!" Abdihafid akapaza sauti.

"Nimesikia bima. Sasa nasikia miguu yangu inakufa. Hani!"

Hani alikwisha kuingia jikoni na kutoka. Alikata kibandiko kwa pigo moja, akafungua kisanduku, akachomeka mpini kwenye reli na kuanza kuzungusha. Kiti kikanung'unika, kikasogea upana wa kidole, kikasogea tena. Wazee wakageukia dirishani kwa heshima. Ilichukua muda mrefu. Muda wote huo kilisikika tu chuma kikisaga vumbi, na pumzi za Hani. Abdihafid alisimama kando na simu mkononi, anatafuta mtu wa kumlalamikia.

Istahil alipofika chini alijiinua kwa fimbo, akavuka zulia, akaketi kwenye kochi kubwa katikati, akaivuta plastiki kwa mikono miwili mpaka ikachanika. Akairusha sakafuni.

"Walaal Istahil, dada yetu," Mzee Bishar akasema, bado haijamjia vizuri jinsi ya kuanza, "tulikuwa tunangoja dua yako."

"Nitamwombea, ni mwanangu. Mungu ampe anachokitaka." Wakaitikia amin. "Lakini nyinyi, mkimpa wadi, siku mkikwama msimwite. Mwiteni mkewe."

Wazee wakacheka mpaka wengine wakapangusa macho. Noordin alicheka pia, akakumbuka kazi yake, akaacha.

Huwezi kusema kwamba mambo yalimharibikia Abdihafid. Haikupita muda wazee wakamsimamisha. Istahil alipomuuliza Mzee Bishar walitumia kipimo gani, mzee alikuna ndevu na kusema kwamba yule mshindani mwingine hakumnunulia mamake hata stuli. Wakampima kwa hilo, na akapita.

Kampuni nayo ilifanya kazi yake. Barabara iliyomshinda fundi miezi yote ilimkubali mkaguzi bila shida. Alivuka daraja la Tana asubuhi na mapema, mwenye kamera na viatu vya kung'aa, akapiga picha za kibandiko kilichokatwa kutoka pande zote. Betri hakuzitazama. Istahil alimpa maziwa ya ngamia. Akanywa, akashukuru, akamweleza kwa upole kwamba kwa bahati mbaya kampuni haitaweza kukitengeneza kiti, kwa kuwa kimeguswa na asiye fundi.

"Fundi mwenyewe hajakigusa," Istahil akamwambia. "Labda ndiyo maana kimekufa."

Mkaguzi akatabasamu tabasamu la watu waliofundishwa kutabasamu, akauliza kama mama angependa kuendelea na bima mwaka ujao. Hani alimsindikiza mpaka langoni kabla mama mkwe hajapata jibu linalofaa.

Wakati huo Istahil alikuwa tayari amehama. Jioni ile ile ya wazee, hakupanda tena ngazi, na hakukuwa na wa kumpandisha. Akakaa kochini akatamka kwamba analala chini. Abdihafid akasema chumba kimejaa mabango. Istahil akasema mabango hayana nyonga. Basi mgombea mwenyewe, akihema na kutokwa jasho, akayabeba marundo kwa marundo kuyapeleka juu kwenye hewa nyingi, huku Hani akimtandikia mama mkwe kitanda kando ya dirisha.

Siku ya tatu baada ya kuhamia chini alikuja Sharifo, waliyeuza naye maziwa Modogashe. Magoti yake yalikuwa mabovu kuliko nyonga ya mwenzake, na tangu ghorofa ijengwe hakuwahi kumwona Istahil ila kwa kumpungia mkono kutoka barabarani. Alisukuma mlango bila kubisha, akajitupa kitandani kwa kishindo.

"Nilidhani umekuwa tajiri, hutaki kutuona."

"Nilikuwa nimewekewa bima," Istahil akasema, akamsogezea mto. "Hani! Tuletee chai. Na ule mlango uache wazi."