Sinema ya Kihungaria Chumbani kwa Nafula

Domina alipoiona ile sidii kwa muuza sinema wa barabara ya Huanshi Zhonglu, moyo ulimruka paa! Sinema ya Hungaria, yaani ya kale, nyeusi na nyeupe, imetolewa kwenye riwaya na kutengenezwa Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Hungaria! Ndiko mchumba wake Jonas alikopata skolashipu, naye Domina akapata ya Guangzhou, Uchina. Waliahidiana, atakayemaliza kwanza amfuate mwenzake. Jonas kamaliza Juni. Sasa Novemba, kimya. Domina alitaka tu kusikia lugha anayoongea Jonas siku hizi.

Jumapili yeye na wenzake wa Afrika Mashariki wakajazana chumbani kwa Nafula, mfanyabiashara wa Nairobi, wamekalia marobota yanayongoja kwenda bandarini Huangpu. Sauti Kihungaria, maandishi Kichina. Vedasto akashika rimoti. Huyu kule Bukoba alikuwa akizitia sinema za kigeni maneno ya Kiswahili kwenye banda la video, na Kichina anakisoma vizuri tu.

"Mabibi na mabwana, huyu mwanajeshi anaitwa Kitambi!"

"Wacha uongo! Amekonda hivyo, kitambi kiko wapi?" Nafula akadakia.

Mwanajeshi anakula na mkewe, wanacheka, kisha anaondoka vitani. Mabomu hayo! Anakimbilia kwenye magofu ya ngome, anafungua mlango, lahaula, yuko enzi za wafalme! Farasi, mapanga, binti wa mfalme. Huku nyumbani mkewe kaweka taa dirishani. Domina hapepesi macho.

Mwisho mwanajeshi akasimama mlangoni, akasema kitu taratibu. Vedasto akasoma, akamtupia Domina jicho.

"Anasema, nakuja mke wangu, pasha chakula!"

Makofi! Lakini mlango ulifungwa, naye kabaki upande wa binti wa mfalme.

"Rudisha nyuma," Domina akasema.

"Dada Domina, sinema tu hii."

"Kaka Veda, sema alivyosema."

Vedasto akarudisha. Safari hii hakuchekesha mtu. "Anasema, mke wangu asinisubiri."

"Aki pole, dada," Nafula akamshika bega.

Domina akatoa simu. Kila Jumapili huandika, *Unakuja lini?* Leo akaandika, *Jonas, sitakusubiri tena.* Kidole kikaganda juu ya kitufe cha kutuma. Kwenye runinga taa ya dirishani bado inawaka, mtu hayupo.

Akabonyeza.

"Veda," akasema, "weka mwanzo. Pale wanapokula."