Viatu vya Kapya Vinatazama Pembeni

Mama mkwe wangu, Mama Chola, alifika Jumatano kutoka kijijini kwake Kasomeno na kamyo, lori la Mugriki muuza samaki, na kabla hajatua kikapu chake aliuliza kama mtoto wangu anatembea au bado.

Nikamuonyesha. Kapya alikuwa amesimama ameshika benchi, anasogea pembeni, mkono halafu mguu, mkono halafu mguu, mpaka benchi ikaisha. Pale akaketi, pu, akacheka.

"Ile haiko kutembea," akasema Mama Chola. "Ile ni kupanguza benchi."

Kapya alizaliwa nyayo zikitazamana kama watu wanaonong'onezana. Hospitalini walizinyoosha kwa mikono, pole pole, wakazifunga plasta, wakafungua, wakanyoosha tena, juma baada ya juma. Nililia pamoja naye kila mara, lakini kila mara nilirudi. Mwisho wakatupa viatu vilivyofungwa kwenye chuma kimoja, vidole vikitazama nje, cha kulia huku, cha kushoto kule. Anavivaa akilala tu. Mchana anakaa peku. Edouard, muuguzi wa pale, aliniambia, "Mama Kapya, batoto ba namna hii banakawiaka kusimama dede. Usimuvute mikono. Usimupime na mutoto wa jirani. Na viatu, hata analia, usiache."

Mtoto wa Mado, jirani yetu, rika moja na Kapya, alikuwa anakimbia kambi nzima ya reli. Nilimtazama kila siku.

Jioni ile, tukila bukari, ugali wetu, Mama Chola akatoa neno lake. "Siku ya Posho, Jumamosi, kamyo inarudia Kasomeno. Nitabeba uyu mutoto. Kule nitamuchimbia shimo, nitamusimamisha ndani mpaka mu kiuno, udongo utamupa nguvu. Na weye utapata nafasi ya kuzala mwingine, muzima."

"Eko muzima, Mama."

"Basi atembee!"

Mume wangu Godefroid alifinyanga tonge lake muda mrefu. "Tufanye hivi," akasema. "Kama anatembea mbele ya siku ya Posho, anabakia. Kama hapana, anaenda na mama, nkambo yake." Hakunitazama. Nilijua alidhani anatutetea kwa kutupatia hizo siku.

Hakuna aliyeniuliza mimi.

Godefroid ni fundi katika atelye, karakana ya reli. Kazi yake yote ni kunyoosha: chuma kikipinda, anakinyoosha, na jioni anakuja nyumbani ananisimulia kilivyokuwa kigumu. Kesho yake alirudi na spana mfukoni, ule ufunguo wa kukazia bulo. Nilikuwa bombani nafua, sikuona alichofanya.

Nilikiona Ijumaa asubuhi, nilipomvua Kapya viatu. Ukingo wa nje wa mguu wa kulia ulikuwa mwekundu, na vidole vilikuwa vimeanza kutazama ndani, kidogo tu, kama mtu anayegeuka kuona kwao. Nikainua viatu. Vilitazama mbele, sawasawa, kama vya askari kwenye gwaride.

"Nani aligusa hivi viatu?"

Godefroid akatabasamu. "Mimi. Balifunga mubaya kule ku hospitali. Vidole vilikuwa vinaangaria pembeni sawa bata! Sasa vinaangaria mbele. Muntu anatembeaka mbele, hapana?"

"Mutoto wangu ni fundi," akasema Mama Chola mlangoni.

Sikupiga kelele. Nilimlaza Kapya kwenye mkeka, nikashika mguu wake mbele ya macho ya baba yake. "Baba Kapya, usiangarie chuma. Angaria mguu. Huu unapenda kurudia ndani. Viatu vinauvuta inje akilala, ili mchana ukae katikati. Weye umeuachilia."

Akainama. Akaugusa ule wekundu kwa kidole chake kipana, na tabasamu likamtoka.

"Nipe ufunguo."

"Acha nifanye mimi, weye hauna nguvu ya..."

"Nipe."

Nilizungusha bulo mpaka viatu vikarudi palepale kutu ilipoacha mstari. Mikono yangu haikuzoea, chuma kikateleza, nikajikwaruza. Godefroid akapiga magoti, akanishikia kile chuma kisicheze.

"Na ile maneno ya kamyo," nikamwambia nikikaza, "mulisema benyewe. Mimi sikukubali. Akitembea, akikaa, habebwi."

"Nilishaambia mama..."

"Utamuambia tena."

Siku ya Posho wanawake walitoka kuchukua mgao wa reli na mifuko yao ya unga, wakasimama. Habari ya dau ilishaenea. Kamyo ilikuwa inanguruma. Mama Chola alikuwa ameshapakia furushi lenye nguo za Kapya; Godefroid alikuwa bado hajamwambia. Akachuchumaa, akafungua mikono.

"Kapya! Kuja kwa nkambo! Mama Kapya, mutie chini, bote bamuone!"

Asubuhi ile, nyuma ya nyumba, Kapya alikuwa ameachia ukuta kwa mikono yote miwili, akasimama peke yake, akashangaa, akakaa. Ningeweza kubahatisha.

Nikamkaza kiunoni.

"Hapana, Mama. Mutoto hatembei mbele ya kamyo. Hapa haiko ku senema."

Wanawake wakacheka. "Unaogopa!" akasema Mado.

"Siogopi. Akianguka, mutasema nilishindwa. Akitembea, mutasema mulishinda. Miguu yake haiko ya kuwekea dau."

"Godefroid!" Mama Chola akasimama. "Muke yako ananitukana mbele ya bantu!"

Godefroid alitazama wanawake, akanitazama mimi, akautazama mguu uliokuwa unaning'inia ubavuni kwangu. Kisha akapanda kwenye kamyo, akalitoa furushi katikati ya vikapu, akaruka chini nalo.

"Mama, muende muzuri. Tutakuja kuwasalimia, bote batatu."

"Na atatembea lini?"

"Siku yake," nikasema.

Dereva akapiga honi. Mama Chola akapanda, akaketi akitupa mgongo, kamyo ikaondoka na vumbi lake.

Nikamweka Kapya chini. Akatambaa. Wanawake wakafyonza, na Mado akainama amshike kwapani amsimamishe.

"Muache," nikamwambia.

Akamwacha. Njia ilikuwa nyembamba kati ya nyumba na mtaro, naye Kapya alikuwa mbele, kwa magoti na viganja, akisimama kuokota changarawe na kuitazama vizuri. Wote waliokuwa nyuma, na mifuko yao vichwani, ikawabidi wafuate mwendo wake mpaka mlangoni kwetu.