Mzee Akitoka, Umeme Unatoka Naye

Mara ya kwanza skrini ya laptop ilipozimika nilidhani flash ya kuwekea mfumo ndiyo mbovu. Nikaitukana flash, nikamtukana na Msumari, rafiki yangu aliyeniazima. Halafu nikasikia feni ya dari inapunguza mwendo, kru, kru, ikanyamaza. Nikajua. Mzee katoka.

Kwetu mzee akitoka, umeme unatoka naye. Anavaa viatu, anashusha swichi kubwa iliyo pembeni ya mlango, nyumba nzima giza, ndipo anakwenda zake. Mko ndani, hamko, hilo si lake.

Nilimfuata mbio mpaka barabarani.

"Mzee! Naweka mfumo mpya kwenye laptop ya Dada! Ilishafika katikati!"

"Si utaanza tena?"

Si utaanza tena! Kama vile nafunga kamba ya kiatu.

Laptop yenyewe mtumba wa mtumba. Asubuhi ile mfumo wake wa zamani ulikuwa umegoma: unawaka, unazunguka, unakwama palepale. Na Dada alikuwa na mtihani wa kazi mchana huohuo. Unafanyia nyumbani, kwa kompyuta, kamera inakutazama, chumba kimya, kwa simu hawakubali. Ukichelewa wamekufungia. Dada ameomba kazi mpaka vidole vimeota sugu, na hao ndio wa kwanza kumjibu. Nikasema naweka mfumo wa Linux. Ni ya bure, huombi leseni, humpigii mtu magoti, na mashine kongwe inaibeba. Shida ilikuwa betri. Betri ilikufa zamani, laptop inaishi kwa waya kama mgonjwa wa oksijeni. Ukichomoa tu, inakata roho.

Mzee alirudi akapandisha swichi, huku ananung'unika. Nikaanza upya. Chagua lugha, chagua saa, futa vilivyomo, subiri. Kile kimstari cha asilimia kinasogea kama konokono aliyekula akashiba. Nimekikodolea macho mpaka kimefika asilimia tisini. Hapo simu ya mzee ikaita sebuleni. Nikasikia viatu. Kabla sijafungua mdomo, giza.

Nilirusha mto ukutani. Ningerusha na laptop kama isingekuwa ya Dada.

"Mzee, una nini na hiyo swichi?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mara mbili! Unataka Dada akae hapa mpaka azeeke?"

Dada akatoka chumbani. Juu blauzi ya ofisini, chini suruali ya kulalia. Siku nyingine ningemcheka.

"Imeshindikana?" akaniuliza.

"Muulize baba yako."

"Baba yangu peke yangu leo?"

Mzee bado yuko mlangoni. Mkono uko kwenye swichi, na macho pia. Yeye ni fundi cherehani. Kiwanda chake cha kwanza kiliteketea chote, vitambaa vya watu vikiwemo, kwa sababu ya pasi iliyosahaulika mezani.

"Siku ile walikuwemo mafundi wanne," akasema. "Wanne! Hakuna aliyelala. Kila mmoja alidhani mwenzake anaiangalia pasi."

"Ile ilikuwa pasi! Hii ni laptop!"

"Moto haujui jina la kitu."

"Baba," Dada akasema, "saa inakwenda."

Mzee akapandisha swichi. Akashika kitasa. Akaachia kitasa. Siku hiyo mafundi wenzake walikuwa wanagawana vibanda kwenye jengo jipya. Usipokuwepo mwenyewe, unapewa kinachobaki, na simu ile ilikuwa ya kumwita.

"Nenda basi," nikamwambia. "Iache juu, uende."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimesema siwezi! We mtoto masikio umeyaweka wapi?"

Akavuta stuli, akaketi chini ya swichi, viatu mguuni, kofia kichwani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

Nikaanza mara ya tatu. Kwa hasira nabofya vitufe kama navikaba shingo. Kimstari kikapita tisini, kikamaliza. Kikauliza kompyuta iitwe nani. Nikaandika: usizime. Nikaunganisha intaneti kutoka kwenye simu yangu, nikafungua kamera, uso wa Dada ukatokea, umekunjamana. Aliingia kwenye mtihani zikibaki dakika chache wafunge. Nikafunga mlango wa chumba taratibu.

Simu ya mzee ikatetemeka tena. Akasikiliza, akakata.

"Wanasemaje?"

"Wameanza na vya mbele."

Nikamwinamia, nikanong'ona kwa meno: "Nenda! Mimi niko hapa, naangalia mimi!"

"Hata wale wanne walikuwa hapohapo."

Ningempiga mtu. Siyo yeye, mtu yeyote. Nikatoka nje, nikapiga teke ndoo ya watu, nikarudi. Bado ameketi, mikono magotini, jasho linamtoka na feni inazunguka juu yake.

Dada alipofungua mlango na kusema amemaliza, mzee hakumuuliza imekuwaje. Alisimama, akashusha swichi, akaondoka nusu anakimbia.

Alirudi jioni, polepole.

"Umepata?" Dada akamuuliza.

"Cha nyuma. Kinatazamana na choo."

"Si nilikwambia uende!" Nikalipuka, hata sijui kwa nini namfokea mtu aliyepoteza. "Wateja watakuja kupimwa suti hapo wameziba pua? Ukaidi gani huu?"

"Dada yako kafanya mtihani, hakufanya?"

"Kafanya!"

"Basi kelele za nini?"

Nikaigeukia ile swichi.

"Kesho naleta fundi umeme," nikasema. "Laptop naivutia waya wake peke yake, na swichi yake peke yake. Wewe utazima nyumba nzima mpaka uchoke."

Akainama, akavua kiatu kimoja, akakikung'uta vumbi.

"Mlete," akasema. "Ila hiyo swichi yake aiweke hapahapa mlangoni."