Waliombwa Wasogee Kidogo

Ravdná alisimamisha gari pembeni ya barabara ya changarawe, akafungua mlango wa nyuma, akawasha jiko dogo la gesi na kuteleka kahawa. Alikata jibini vipande vidogo akavitia vikombeni, kisha akamimina kahawa juu yake, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Halvard, mpiga picha kutoka kusini, alikuwa ameshaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu na kuielekeza kwenye bonde, ambako vichaka vilikuwa vimegeuka vyekundu kwa vuli. Alichungulia, akainua kichwa, akachungulia tena. Halafu akasema kuna bibi mmoja ameketi katikati ya picha, anaparua ngozi.

Ravdná alitazama. Alikuwa Bibi Gáddjá, mama mzaa baba yake, aliyefariki Ravdná akiwa bado shule ya msingi. Alimpungia mkono, na bibi akamwinulia kiparuzi.

Hakukuwa na la kushangaza hapo. Kila vuli, mbu wakishakufa na ukungu ukianza kulala mabondeni, marehemu wa Kisami, wenyeji wa kaskazini wafugao kulungu wa theluji, hurudi kukaa pale walipozoea kupiga kambi, wakabaki mpaka theluji ya kwanza. Huwasha moto, hutia majani makavu kwenye viatu vyao vya manyoya, husutana kwa mambo ya kulungu waliokwisha kuliwa zamani. Wapita njia huwasalimu na kuendelea na safari. Kwa Halvard shida ilikuwa moja tu, kwamba walitoka vizuri mno pichani. Kamera yake ilitaka kitu kitulie kwa muda mrefu, na hakuna anayetulia kama marehemu.

Yeye alitaka nchi tupu. Alikuwa amemwambia Ravdná kwamba anatengeneza kalenda ya mandhari ya kaskazini, na kwamba anatafuta dereva anayezijua barabara zisizo kwenye ramani. Ravdná aliikubali kazi hiyo kwa sababu watalii wa kiangazi walikuwa wameshaondoka na gari lilikuwa limekaa bure. Tena ilimfaa kuwa mbali na nyumbani, ambako kaka yake Issát alikuwa hali wala halali. Ijumaa hiyo wizara ingefanya kikao mjini kuhusu mlima Suoidnevárri. Kampuni moja ya umeme ilitaka kuujaza mlima huo mitambo ya upepo, na Suoidnevárri ndipo kulungu wa Issát walipokwenda kuzaa kila Mei, kama walivyokwenda wa baba yake na wa babu yake. Ndama wakikosa pale, Issát hana tena cha kuchunga. Kampuni ilisema mlima ule hautumiwi na mtu yeyote.

"Tafadhali, mwambie asogee kidogo tu," alisema Halvard.

Ravdná alitafsiri. Bibi Gáddjá hakuuliza sababu. Aliikunja ngozi yake, akainuka, na mtu mwingine angedhani mambo yameishia hapo. Lakini Msami aliyelelewa na watu haondoki kambini hivihivi. Aliyamwagia majivu maji, akayafukia. Aliyachukua mawe ya meko moja moja na kulirudisha kila jiwe kwenye shimo lake, upande wenye kuvu la kijivu ukiwa juu. Aliyachana nyasi kwa vidole pale alipokalia, zikasimama. Ravdná alikumbuka jinsi alivyorudishwa mwendo mrefu akiwa mtoto, analia njia nzima, kwa kuwa alikuwa ameacha kipande cha kamba kambini. Bibi Gáddjá ndiye aliyemrudisha.

Bonde lilipobaki kama ambalo halijawahi kuguswa, bibi alikuja kusimama nyuma ya kamera, akapewa kikombe cha kahawa, akaonja jibini na kusema siku hizi wanalitia chumvi kama wanaokota. Halvard alipiga picha yake. Alimshukuru kwa kuinamisha kichwa, naye bibi akainamisha cha kwake.

Wakaendelea hivyo, bonde hadi bonde, ziwa hadi ziwa. Bibi Gáddjá alipanda gari, akakaa kiti cha nyuma na ngozi yake magotini. Kila Halvard aliposimama palikuwa na watu, na kila alipoomba waliondoka, wakaacha pamesafishika. Ziwani, wanaume waliokufa kwa homa ya miaka mia iliyopita walizitoa nyavu zao majini na kulainisha mchanga kwa tawi la mti. Ravdná aliona fahari kidogo, na afadhali tuliseme hilo waziwazi. Aliona fahari mgeni akiona jinsi watu wake walivyo na adabu.

Jioni moja walikuwa ndani ya kibanda cha wasafiri, wanakula nyama kavu. Halvard alizipitisha picha zake kwenye kioo cha kamera, ameridhika, akasema kampuni itafurahi.

"Kampuni gani?" aliuliza Ravdná.

"Hii ya upepo. Kalenda ipo, wataitoa mwisho wa mwaka. Ila kwanza picha zinakwenda kwenye kikao cha Ijumaa." Alikata kipande kingine cha nyama. "Wizara inataka kujua kama kuna watu wanaotumia hii nchi. Mimi nimeambiwa nipige kama ilivyo."

"Kama ilivyo, alikuwepo bibi yangu."

"Na akaondoka, dada Ravdná. Sikumfukuza mimi. Niliomba tu."

Alilisema hilo bila ubaya wowote, na hapo ndipo Ravdná alipopandwa na hasira. Angekuwa mwongo, angemzomea. Angekuwa mwizi, angemshika shati. Lakini mtu huyu alikuwa ameketi pale na uso mkavu, na makombo ya nyama ya kulungu wa Issát kidevuni, akiisafisha nchi nzima kwa neno tafadhali, na usiku angelala fofofo. Ravdná alitoka nje akasimama kando ya gari. Alifikiria kuiweka kamera chini ya gurudumu. Halafu akafikiria jambo lililo bora zaidi, kwa jinsi alivyoona wakati ule.

Picha kubwa kuliko zote ilikuwa bado. Ilikuwa ya Suoidnevárri kwenyewe, na hakuna mahali penye marehemu wengi kama pale. Alirudi ndani akamuuliza Halvard angefanyaje iwapo watu wa huko wasingetaka kuondoka. Halvard alifikiri kidogo, akasema angewapiga pamoja na mlima, afanyeje tena. Yeye hupiga kinachoonekana. Ravdná alijua kwamba angelitimiza neno lake. Picha moja tu yenye watu, ikitundikwa mbele ya wizara, ingetosha kumfunga mtu wa kampuni mdomo.

Walifika Suoidnevárri mchana. Mteremko mzima ulikuwa mahema na moshi. Watoto waliokufa kwa surua walikuwa wakirushiana vitanzi, mmoja ameshika pembe kichwani na kujifanya kulungu. Mbwa walibweka bila kumkaribia mtu. Baba mdogo Jovnna, aliyezama ziwani na pikipiki yake ya theluji, alimkuta Ravdná njiani na kumuuliza lini ataacha kubeba wageni wa kusini kama magunia.

Ravdná hakucheka. Alikwenda hema kwa hema, akawaeleza yote, kwa Kisami cha polepole ili hata waliokufa zamani sana waelewe. Aliwaeleza kampuni ni nini na mitambo ni nini, na kwamba Issát atabaki mikono mitupu. Huyu mpiga picha atakapowaomba msogee, msisogee, aliwaambia. Kaeni mlivyokaa. Hakuna kingine ninachotaka.

Walimsikiliza kwa heshima. Wengine walitikisa vichwa kwa huzuni. Halvard akasimamisha kamera yake, akachungulia, akawaangalia wale watu wote, akatabasamu. Hakusema kwa Kinorwe wala kwa lugha nyingine. Aliinua mkono na kuupeleka upande mmoja taratibu, kama anayempisha mzee njiani.

Wakainuka.

Ravdná alimshika Bibi Gáddjá mkono wa joho lake la buluu. "Bibi, nimewaomba. Nimewaomba mimi, damu yenu."

"Mgeni naye ameomba, mjukuu wangu."

"Huyo mgeni anawafuta!"

"Anafuta nini? Mimi nimezaa watoto saba kwenye mlima huu na hutaona hata doa." Bibi alijitoa mikononi mwake bila ukali. "Unataka tuache majivu mbele za watu? Watasema tulilelewa na nani?"

"Watasema mlikuwepo!"

Bibi Gáddjá alimtazama kama aliyetukanwa, akainama kuchukua jiwe la kwanza.

Mahema yalishuka, nguzo zikafungwa, mawe yakageuzwa. Ravdná alikimbia kutoka meko hadi meko akiwasihi, akiwatukana, akiyarusha mawe nje ya mashimo yao, na nyuma yake watoto waliyaokota na kuyarudisha, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa. Mvua nyepesi ilipoanza, baba mdogo Jovnna alivua koti lake akalishika juu ya kamera ya Halvard isilowe. Kwa muda usiotosha hata kuchemsha kahawa, mlima ulisimama peke yake, mwekundu na mtupu, mzuri kupita kiasi.

Halvard alisema hajawahi kupata picha kama ile.

Issát aliposikia hakumlaumu dada yake. Alisema tu kwamba kama hawataki kuonekana mlimani, basi watakuja wenyewe kwenye kikao. Alipanda juu akazungumza nao, nao walikubali mara moja, maana ule ulikuwa mwaliko. Ijumaa walishuka mjini wamevaa nguo zao za harusi, mapambo ya fedha yanalia vifuani, wakaujaza ukumbi wa halmashauri hadi viti vya mwisho. Mwenyekiti wa kikao aliwasalimu na kuomba radhi kwa baridi ya ukumbi. Ravdná aliwatazama wamekaa safu kwa safu, na kwa mara ya kwanza wiki ile alipumua.

Kisha basi la watu wa kampuni likafika, limechelewa kwa sababu ya barabara. Waliingia na makabrasha yao, mawakili na wahandisi, wakasimama ukutani wakiangaza huku na huku. Viti vilikuwa vimekwisha.

Ravdná alijua kitakachofuata. Alisema hapana, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. Lakini Bibi Gáddjá alikuwa ameshasimama, anakifuta kiti chake kwa ncha ya shali ili wakili asichafue suruali. Baba mdogo Jovnna akasimama, na safu yake, na safu iliyofuata. Walitoka kimya kimya, na wa mwisho kutoka alichukua ufagio pembeni mwa mlango, akaifagia njia waliyopita.

Picha zilitundikwa. Watu walizisifu. Mwenyekiti aliuliza kama kuna wanaoutumia mlima huo ambao wangependa kusemewa. Issát alisimama akasema bibi yake alizaa pale, na ndama wake wote huzaliwa pale. Mwenyekiti alimuuliza kwa upole kama kuna alama yoyote ya kuonyesha, meko, nguzo, hata jivu, kwa kuwa wataalamu walikuwa wamekwenda na hawakuona kitu.

"Wako nje hapo!" Ravdná alifoka. "Wamewapa nyinyi viti mlivyokalia! Mmekalia viti vyao na mnauliza wako wapi?"

Mwenyekiti alikwenda dirishani akatazama uani kwa haki kabisa. Marehemu walikuwa wamejisogeza nyuma ya jengo, wasije wakaziba mwanga. Kikao kilirekodi pingamizi mbili, na mitambo ikaidhinishwa.

Ilijengwa kiangazi kilichofuata. Mei iliyotangulia kulikuwa tayari na barabara na malori, na majike wenye mimba waligeuka wakazaa chini kwenye theluji yenye maji, ndama wakafa. Issát alichinja waliobaki kabla ya vuli na sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki pwani. Hapigi simu sana.

Vuli ilipoingia, Bibi Gáddjá alibisha hodi nyumbani kwa Ravdná mjini, na ngazi yote nyuma yake ilikuwa imejaa watu. Alisema mlimani pana kelele, na mlinzi amewaomba wasiwe karibu na mitambo, kijana mwenye adabu sana. Ravdná alikuwa hajamsamehe. Aliwafungulia hata hivyo, mtu atafanya nini na wazee wake. Walilala ukumbini, jikoni, ndani ya beseni la kuogea. Alinunua sufuria kubwa. Asubuhi aliamka akakuta kila kitu kimekunjwa na sakafu imepigwa deki, hakuna unywele, hakuna harufu ya moshi.

Alivumilia, halafu akashindwa. Asubuhi moja aliinua sufuria ya mchuzi wa nyama na kuimwaga yote katikati ya sebule. Aliwaambia leo hakuna atakayegusa. Nataka nirudi nikute pananuka, nataka nikute mmekanyaga, nikute kuna watu ndani ya nyumba hii. Akabamiza mlango, akaenda kazini.

Jioni alikuta sakafu inang'aa. Safari hii walikuwa wameona hasira yake na kutaka kumfurahisha, kwa hiyo walikuwa wamefanya kazi kamili. Viatu vyake havikuwa mlangoni. Picha za wazazi wake hazikuwa ukutani, na matundu ya misumari yalikuwa yamezibwa. Kitanda chake hakikuwa na alama ya mtu. Kwenye mlango wa mbele, pale palipokuwa na jina lake, palikuwa na mbao tupu, safi.

Marehemu walikuwa wamepanga mstari ukutani, wanamtazama wakisubiri neno jema.

Ravdná alichomoa kisu kiunoni, akarudi mlangoni, akapiga magoti, akaanza kulichonga jina lake kwenye mbao, herufi nene, kwa nguvu zake zote, mpaka vipande vikaruka hadi kwenye ngazi. Alikuwa amefika herufi ya tatu wakati aliposikia nyuma yake Bibi Gáddjá anawauliza wenzake, kwa sauti ya chini ili asimsumbue, kama kuna yeyote aliyeona msasa humu ndani.