Kasoro: Hakuna

"Una dakika arobaini," mwenyekiti wa jopo aliniambia, akanisogezea bahasha ya kaki. "Ni ajali ya kweli, faili lake lilishafungwa. Majina tumeyafuta. Tuambie kosa lilianzia wapi."

Nilikuwa nimehangaika miaka kumi na moja kufika kwenye kiti kile. Tangazo la kazi ya mchunguzi wa ajali za meli nililikata gazetini nikalibandika ndani ya mlango wa kabati, nikawa naweka alama kila nilipotimiza sharti: cheti cha afisa mkuu wa meli, miaka ya utumishi baharini iliyothibitishwa na manahodha, kozi ya uchunguzi, macho yasiyochanganya nyekundu na kijani. Sharti la mwisho, uadilifu usiotiliwa shaka, nililiwekea alama siku ileile ya kwanza. Hilo sikuona la kulisomea.

Kisha mdogo wangu akafia kwenye meli niliyoihama miezi miwili kabla, nilipokwenda kufanya mtihani. Tuliambiwa ni moto, basi. Mama alinishika mkono msibani. "Kasome, mwanangu, uwe mtu wa kuuliza. Mimi wakinijibu moto, nanyamaza."

Nilifungua bahasha. Maelezo ya shahidi yalikuwa mafupi. Moto ulianzia kwenye jiko la meli. Watu tisa walikimbilia mashua ya kuokolea, haikushuka. Pini ya kuiachia ilikuwa imeganda kwa kutu. Fundi mmoja wa injini, mwenye shoto, aliigonga kwa nyundo mpaka moshi ukamfunika.

Mwenye shoto. Utotoni mimi na mdogo wangu tulikaa ubavu kwa ubavu mezani, viwiko vyetu vikigombana, nami nikimwita Mkono Kombo hadi anatema chakula kwa kicheko. Nililisoma neno lile mara tatu.

Ukurasa uliofuata ulikuwa nakala ya daftari la mazoezi ya uokoaji melini. Ijumaa kumi na nne mfululizo: "Mashua imeshushwa na kupandishwa. Kasoro: hakuna." Saini zilikuwa zimefutwa kwa wino mweusi. Mwandiko haukufutwa, na ulikuwa wangu.

Kushusha mashua kulikula saa mbili na watu sita, kwa hiyo kwenye meli ile tulijaza daftari tu, kama walivyojaza waliotutangulia. Nilijazia kitandani, vitabu vya mtihani vikiwa magotini. Ijumaa moja mdogo wangu alichungulia mlangoni, mikono imejaa grisi.

"Kaka, na leo mashua hatushushi?"

"Niache nisome, bwana. Mashua haina mtihani."

Akacheka. Akaurudisha mlango taratibu, kelele za injini zisinisumbue.

"Muda umekwisha," alisema mwenyekiti. "Kosa liko wapi?"

"Mazoezi haya hayakufanyika."

Mhandisi mmoja wa jopo, mama wa makamo mwenye miwani, aliinua kichwa. "Umejuaje?"

Nilimsogezea karatasi nyingine ya bahasha. "Ijumaa ya sita, ukurasa wa hali ya hewa unaonyesha dhoruba. Hakuna anayeshusha mashua kwenye dhoruba kwa ajili ya mazoezi."

Walitazamana. "Watu saba wamepita hapa leo," alisema yule mhandisi, "na wote wamelilaumu jiko." Akaandika kitu, halafu akauliza kwa upole, "Na huyu aliyejaza, unamwonaje?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilikuwa naitaka kazi na nilikuwa naogopa, yote kwa mpigo, sina cha kupamba.

"Alikuwa na haraka," nilisema.

Barua ya ajira ilikuja baada ya wiki tatu. Mama aliitia fremu, akaitundika karibu na picha ya mdogo wangu, akafuta vioo vyote viwili kwa upindo wa nguo yake.

"Sasa umefika," aliniambia. "Mtafute, baba. Hata ikichukua miaka, mtafute aliyemwacha mwanangu aungue."

"Nitamtafuta, mama."

Imepita miaka kumi na sita. Nimechunguza meli nyingi, na wenzangu husema nina jicho la kuona daftari la uongo kabla ya kulifungua. Mama amezeeka, masikio yamekuwa mazito. Kila nikienda kumjulia hali huniuliza, kabla sijakaa, nimefikia wapi. Namwinamia sikioni, namwambia bado naendelea.